Niliyojifunza kwa Richard Wright, Mpiga Kinanda wa Pink Floyd

Richard Wright alifariki Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2008, siku ileile benki ya Lehman Brothers ilipotangaza kufilisika huko New York. Dunia nzima ilikuwa inaongea habari za benki. Mimi nilipata taarifa siku kadhaa baadaye, kwenye kafe moja ya intaneti hapa Arusha, nilikoingia kutafuta maneno ya wimbo ulioombwa na bibi harusi. Habari yenyewe ilikuwa fupi: mpiga kinanda wa Pink Floyd, bendi ya rock ya Uingereza, umri miaka 65, saratani. Nikamwambia kijana wa kompyuta ya jirani kwamba mwalimu wangu amefariki. Akanipa pole, kisha akauliza alikuwa anafundisha shule gani.

Sikuwahi kukutana naye, na alinifundisha kwa kaseti tu. Nimepiga kinanda tangu ujana, kwanza kanisani, baadaye kwenye bendi ya hoteli, halafu kumbi za harusi na studio za hapa na pale. Kazi hii ina vituko vyake. Mpiga solo akikosea, watu wanageuka. Mwimbaji akichelewa kuingia, ukumbi mzima unamtazama. Mpiga kinanda anaweza kuibeba bendi usiku kucha, na wakati wa kufunga vyombo mtu akaja kumshika mkono mpiga solo na kumwambia, "Kaka, leo mmeua."

Ukitaja rock kwa watu wa huku, hasa Wazanzibari, jina la kwanza kusikika ni Freddie Mercury wa Queen, na wana haki, maana alizaliwa Unguja mwaka 1946. Lakini hata wale mashabiki wenyewe, wanaovaa fulana za Pink Floyd zenye kioo cha pembetatu na mwanga wa rangi za upinde wa mvua, ukiwauliza ile bendi ilikuwa ya akina nani watakutajia mpiga besi Roger Waters na mpiga gitaa David Gilmour. Wanaopenda habari za kusikitisha watamwongeza Syd Barrett, kiongozi wao wa mwanzo. Nick Mason atapata nafasi kwa sababu ya drams, na kwa sababu ya magari yake ya mashindano. Wright anatajwa wa mwisho, kama anatajwa.

Na yeye alikuwemo kabla bendi haijapata jina. Alizaliwa mwaka 1943 huko Hatch End, pembezoni mwa London, na mwaka 1962 akaingia Regent Street Polytechnic kusomea usanifu wa majengo. Waters na Mason walikuwa wanafunzi hapohapo. Usanifu aliuacha mapema, lakini wale wenzake hakuwaacha. Barrett akajiunga, jina la Pink Floyd likaja mwaka 1965, na albamu ya kwanza ikatoka mwaka 1967. Wimbo unaoifungua albamu hiyo, Astronomy Domine, unaimbwa na watu wawili, Barrett na Wright. Gilmour, ambaye wengi wanaamini ni mwanzilishi, aliitwa baadaye, Barrett alipokuwa ameanza kuugua akili na kushindwa kazi.

Nirudi kwenye kaseti. Bendi yetu ya hoteli ilikuwa ya kukopi: rumba kidogo, zilipendwa, nyimbo za Kizungu kwa ajili ya watalii wanaoelekea Serengeti. Kiongozi wetu alikuwa mzee aliyepiga gitaa tangu zamani, mtu wa maneno machache. Siku moja akanipa The Dark Side of the Moon, albamu ya mwaka 1973, akaniambia, "Mdogo wangu, nenda kakopi kinanda cha Us and Them." Nikakaa nayo nyumbani, nikarudisha nyuma na kupeleka mbele mpaka betri za redio zikalegea. Kesho yake nikamwambia, "Mzee, mle hamna kinanda cha kukopi. Kinalia tu kwa nyuma." Hakubisha. Akasema, "Basi leo wewe kaa, usikilize."

Wakaupiga bila mimi, na hapo ndipo nilipouelewa. Katika beti za wimbo ule, besi inang'ang'ania noti moja, D, haiondoki. Gitaa linadonoadonoa taratibu. Kinachobeba mabadiliko hasa ni kordi za kinanda, yaani zile noti kadhaa zinazopigwa kwa mpigo mmoja, zinazopita juu ya hiyo D. Kordi ya kwanza imetulia, ya pili inafunguka kidogo, ya tatu ina noti inayokaa nusu hatua chini ya D na kuikwaruza, na ya nne inatoa pumzi. Halafu unarudi ulikoanza. Ukiiondoa hiyo, kinachobaki ni mpiga besi anayerudia noti moja na mwimbaji anayesema na nafsi yake. Wenzangu walifika ubeti wa pili wakaacha wenyewe, wakacheka. Mzee akanitazama, akaniambia, "Haya, nenda kalie kwa nyuma."

Huo wimbo una historia inayonigusa kama mtu wa kwaya. Wright aliutunga kwa piano kwa ajili ya filamu ya Zabriskie Point ya Mwitaliano Michelangelo Antonioni, iliyotoka mwaka 1970, katika sehemu inayoonyesha fujo. Antonioni akaukataa. Waters amesimulia kwamba mzee yule aliusifu, ila akalalamika kuwa ni wa huzuni mno, unamkumbusha kanisa. Ukawekwa kando hadi walipoanza kazi ya The Dark Side of the Moon, Waters akauandikia maneno, ukawa miongoni mwa nyimbo zao kubwa. Kila nikiupiga najua Antonioni alisikia sawasawa. Kuna kanisa mle, tena kanisa la asubuhi, kabla watu hawajajaa.

Upande mwingine wa Wright ulikuwa jazi. Alikuwa mpenzi mkubwa wa Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, na alieleza mwenyewe, akiwa ameketi kwenye piano, kwamba kordi moja katika Breathe, wimbo wa albamu ileile ya 1973, kordi inayourudisha wimbo nyumbani kwenye E ndogo (E minor) unakoanzia, aliipata kwenye Kind of Blue, albamu ya Davis ya mwaka 1959. Kordi moja tu! Mpiga rock wa kawaida angerudi nyumbani kwa njia kuu. Yeye akapitia uchochoroni, na wimbo wote ukabadilika sura. Nimewahi kuiingiza kordi hiyo kwenye pambio la Jumapili. Wazee wa kanisa hawakugundua chochote, ila mama mmoja wa kwaya aliniuliza kwa nini siku hiyo pambio lilimtoa machozi.

Basi nikaanza kumsikiliza kama mtu anayesoma. Sikupata wepesi wa vidole, maana hakuwa mpigaji wa mbio. Katika miaka ileile walikuwepo wapiga vinanda wa rock wenye vidole vya moto, na katika mashindano ya kasi wangemwacha mbali. Nilichokipata ni namna anavyosubiri. Gilmour akiingia na solo, kinanda hakinyamazi wala hakisogei. Kinatandaza noti mbili tatu na kuziacha zikae hapo mpaka gitaa litakapomaliza maneno yake. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Mikono ya mpiga kinanda inawasha. Ukiona nafasi tupu unataka kuijaza, hasa kwenye harusi, ukijua kamati iko pale mbele na fedha yao wanataka kuiona ikifanya kazi. Nilianza kuuondoa mkono wa kushoto kwenye nyimbo nyingi na kumwachia mpiga besi eneo lake. Mpiga besi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunishukuru. Wengine walisema tu kwamba siku hizi bendi inasikika safi, wakadhani tumenunua spika mpya.

Vyombo vyake navyo vilikuwa somo. Miaka ya mwanzo alitumia kinanda cha Farfisa, ambacho si cha kifahari, akakipitisha kwenye mashine ya mwangwi ya Kiitaliano iitwayo Binson. Ile noti moja inayofungua Echoes ya mwaka 1971, inayodunda kama tone la maji pangoni, ni piano ya kawaida iliyopitishwa kwenye spika ya Leslie, ile yenye tarumbeta linalozunguka ndani. Noti moja ikafungua wimbo wa dakika 23 uliojaza upande mzima wa santuri. Na mimi nilikuwa na Yamaha ya mkononi yenye sauti mia na zaidi, ambazo nyingi sikuwahi kuzihitaji. Nikachagua tatu nikazizoea.

Lakini si kila nilichojifunza kwake kilikuwa cha kuiga. Jambo lililonisaidia zaidi maishani, hata kuliko kordi, lilikuwa habari za karatasi na haki.

Mwaka 1979 bendi ilikuwa inarekodi The Wall, sehemu yake ikifanyika kusini mwa Ufaransa. Hali ya fedha ilikuwa mbaya. Watu waliowakabidhi akiba zao wawawekezee walikuwa wamewaingiza kwenye hasara kubwa. Kampuni ya rekodi ikaahidi masharti bora kama albamu ingemalizika kabla ya mwaka kwisha. Waters akataka likizo zikatishwe. Wright alikuwa Ugiriki, ndoa yake ikiwa inavunjika, akakataa. Tena wenzake walikuwa wanalalamika kwamba kwenye ile albamu haleti kitu chochote kipya. Waters akaweka sharti kwamba Wright atoke, la sivyo yeye angeondoka na kazi yote, na kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ilikuwa yake. Mwanzilishi akatolewa. Hakupigana. Akakubali kumaliza albamu na kupiga kwenye maonyesho kama mtu wa mshahara.

Maonyesho hayo ya mwaka 1980 na 1981 yalikuwa ya ukuta mkubwa uliojengwa jukwaani watu wakiangalia, kisha ukaangushwa, na gharama zikayazidi mapato. Waters, Gilmour na Mason, kwa kuwa ndio wenye bendi, wakabeba hasara. Mwajiriwa akalipwa kama walivyokubaliana. Kwa hiyo katika wale wanne, aliyefukuzwa ndiye peke yake aliyeondoka na faida. Wanamuziki wanapenda sana kisa hiki, wanakisimulia wakicheka. Mimi kinanichekesha nusu. Mshahara wa maonyesho unaliwa unakwisha, na albamu iliyofuata, The Final Cut ya mwaka 1983, ilitoka bila jina lake kabisa.

Kilichomlinda ni kile alichokuwa ameandikishwa zamani. Us and Them ina jina lake pamoja na la Waters. The Great Gig in the Sky ilikuwa na jina lake peke yake. The Dark Side of the Moon ilikaa kwenye chati ya Billboard ya Marekani zaidi ya wiki 700 kuanzia mwaka 1973 hadi 1988, yaani miaka yote ile ambayo yeye hakuwa tena mwanachama, nyimbo zenye jina lake zilikuwa bado zinauzwa kila wiki.

Na humohumo kuna mtu aliyesahauliwa kuliko yeye. Ule wimbo wa The Great Gig in the Sky, piano ni ya Wright, lakini kinachowafanya watu wasimame ni sauti ya mwanamke anayelia na kupanda bila neno hata moja. Ni Clare Torry. Aliitwa studio za Abbey Road Januari 1973, siku ya Jumapili, akiwa na miaka 25, akaambiwa hakuna maneno, akabuni palepale, akalipwa pauni 30. Mwaka 2004 akaenda mahakamani, mwaka uliofuata wakamaliza nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake limeandikwa kama mtunzi pamoja na Wright. Naitaja habari hii kwa makusudi, kwa sababu ni rahisi kumlilia Wright kana kwamba yeye alikuwa upande wa wanyonge siku zote. Kwenye ule wimbo, karatasi ilikuwa upande wake, na aliyesubiri miaka zaidi ya 30 ni mwingine.

Mimi mwenyewe niliwahi kupiga utangulizi wa wimbo mmoja wa injili katika studio ambayo siitaji, utangulizi ambao watu huutambua redioni kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Nilipewa bahasha nikashukuru. Kava lilipotoka lilikuwa na jina la mwimbaji, la aliyerekodi, la aliyepiga picha, hata la aliyetoa gauni. Sikugombana na mtu, ila nilizikumbuka pauni 30. Siku hizi sifungui mfuko wa kinanda kabla hatujakaa kuandika: nani katunga nini, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Vijana wananiita mzee wa karatasi. Prodyuza mmoja, kijana mzuri tu, aliniambia, "Mzee wangu, si tunaaminiana?" Nikamjibu, "Tunaaminiana, mwanangu. Ndiyo maana hutapata tabu kuandika." Akaandika, ingawa alikuna kichwa kwanza.

Rafiki yangu mpiga solo, ambaye tumebishana naye juu ya Wright tangu enzi za hotelini, anasema jamaa alistahili kufukuzwa. Hoja yake ina nguvu. Katika Animals ya mwaka 1977 hakuna hata wimbo mmoja wenye jina la Wright kama mtunzi, na mwaka uliofuata akatoa albamu yake mwenyewe, Wet Dream. Kwa nini zile nyimbo hakuzileta kwenye bendi? Mimi namjibu kwamba mezani alikuwepo mtu anayeongea kwa sauti kubwa, na Wright hakuwa mtu wa kupandisha yake. Nimekaa kwenye mazoezi ya namna hiyo. Unafika na wazo, mwenzako amefika na mawazo manne na sauti ya kuyatangaza, na jioni unarudi na wazo lako mfukoni. Lakini ukimya nao ni uamuzi, hapo nakubaliana na rafiki yangu. Bendi haiwezi kupiga wimbo ambao umeuacha nyumbani.

Wright alirudi. Waters alipokuwa ameondoka, Gilmour na Mason walimwita kwenye A Momentary Lapse of Reason ya mwaka 1987, safari hii pia kwa malipo tu. Kwenye The Division Bell ya mwaka 1994 ndipo jina lake liliporudi kwenye utunzi, na kipande kimoja alichotunga na Gilmour, Marooned, kikashinda tuzo ya Grammy mwaka 1995. Hakina mwimbaji, ni gitaa na kinanda vinavyozungumza. Tarehe 2 Julai 2005 wote wanne walipanda jukwaani Hyde Park, London, kwenye tamasha la Live 8, pamoja na aliyemfukuza. Walipiga nyimbo chache wakakumbatiana. Haikujirudia tena.

Alipofariki, Gilmour aliandika kwamba katika mabishano ya nani hasa alikuwa Pink Floyd, mchango mkubwa wa Rick, kama walivyomwita Wright, ulisahauliwa mara nyingi. Maneno mazuri, ingawa kama kawaida ya binadamu tunayasema msibani. Kilichonishawishi zaidi ni alichokifanya baadaye. Mwaka 2016 Gilmour alirudi kupiga kwenye uwanja wa kale wa Pompeii, Italia, mahali ambapo mwaka 1971 bendi ilirekodiwa ikipiga Echoes bila watazamaji. Kila shabiki alitaka kuusikia wimbo ule pale. Hakuupiga, akaeleza kwamba bila Rick hawezi. Mtu mwenye fedha za kuajiri mpiga kinanda yeyote duniani! Mwaka 2014 pia alikuwa ametoa The Endless River pamoja na Mason, albamu iliyotokana na mikanda ya kazi za mwaka 1993, humo kinanda cha Wright kikiwa kila mahali.

Atakayetaka kumjua aanze na Us and Them, na awe na spika zenye besi ya kusikika. Halafu atafute Echoes ya Gdańsk, Poland, Agosti 2006, alipokuwa kwenye bendi ya Gilmour. Mwishoni gitaa na kinanda vinajibizana, na unasikia wazi kwamba wazee wale wawili hawakuwa na haraka ya kwenda kulala. Kisha Wearing the Inside Out ya mwaka 1994, anaouimba mwenyewe kwa ile sauti yake ya chini. Broken China, albamu yake ya mwaka 1996 inayohusu mwenza wake aliyeugua sonona, naipenda sana, lakini hiyo aiache mwisho. Ni nzito, na si ya kusikiliza ukiwa kwenye daladala.